Kumuaga mbwa mzee nyumbani

Mbwa wetu Simba alilinda lupango letu hapa Kasapa miaka 13. Mwaka huu miguu ya nyuma ilikataa, akaacha bukari, usiku analia. Majirani walisema tumtupe porini ao tumpe sumu. Tulikataa yote mawili. Aliyelinda watoto wetu, afe na njaa peke yake?

Tuliita munganga wa nyama. Hawakosekani huku, maana Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinawafundisha. Tuliuliza kwanza kama kweli hakuna dawa ingine, kisha bei. Akaeleza: sindano ya kwanza inaleta usingizi mzito, ya pili, ndani ya mshipa, inasimamisha pumzi na moyo. Macho yanabaki wazi, na mwili unaweza kushtuka kidogo. Ni vizuri kulijua mapema. (Lakini mbwa anayegeuka mkali gafula na kutoa mate mengi, musimuguse kabisa: pengine ni kichaa cha mbwa.)

Watoto tuliwaambia neno lenyewe: atakufa. Ukisema "atalala", mtoto ataogopa kitanda chake. Mdogo akamletea ndagala. Simba akakula mbili. Pumzi ilikatika tungali tunamkuna masikio.

Shimo tulilichimba mbele, refu sana, mbali na kisima. Dawa ile inabaki mwilini. Mbwa mwingine akifukua na kula, anaweza kufa naye. Na mtu asithubutu kuila nyama hiyo.

Usiku ule tulifunga mlango wa lupango na kufuli mbili.