NOVA SCOTIA: NCHI YA WAVUVI WALIOSOMA KWANZA

Watu wengi wakisikia jina la Kanada hufikiri mara moja juu ya theluji na utajiri. Theluji ipo kweli. Lakini utajiri haukushuka pamoja na theluji. Leo twende pamoja mpaka jimbo moja la nchi ile, liitwalo Nova Scotia, tuone nchi yake, watu wake na kazi zao. Tena tutaona jinsi wavuvi na wakulima maskini, wakisaidiwa na mapadre wao, walivyojiokoa na madeni. Nasema jimbo la serikali, si jimbo la Askofu. Maana Kanada ina majimbo 10 na maeneo 3 ya kaskazini, na kila jimbo lina bunge lake.

NCHI YENYEWE

Tazama ramani ya dunia, ile itundikwayo ukutani shuleni. Tafuta Amerika ya Kaskazini, kisha upande wake wa mashariki, mahali Bahari ya Atlantiki inapopiga pwani ya Kanada. Utaona kipande cha nchi kilichochomoza baharini, kimeshikwa na bara kwa shingo nyembamba tu. Hiyo ndiyo Nova Scotia. Wenyewe hupenda kusema kwamba umbo lake ni kama kamba-koche, yule kamba mkubwa wa baharini mwenye magando mawili. Upande wa kaskazini-mashariki kuna kisiwa cha Cape Breton, nacho kimeunganishwa na nchi kavu kwa njia ya mawe iliyojengwa kukatiza bahari na kufunguliwa mwaka 1955.

Jimbo hili si kubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 55,284, na Tanzania yetu yalizidi mara 17. Watu wake ni milioni 1 na kidogo, na karibu nusu yao wanakaa Halifax, mji mkuu. Bahari imelizunguka kiasi kwamba hata mkulima wa ndani kabisa hayuko mbali na maji ya chumvi zaidi ya kilomita 70 hivi. Wakati wa baridi, kengele ya Malaika wa Bwana ikilia kwetu adhuhuri, kule ni saa 11 alfajiri, na theluji imelala juu ya mapaa.

Liko jambo moja ambalo ndugu zetu wa pwani watalistaajabia. Kati ya Nova Scotia na bara kuna ghuba iitwayo Fundy. Kwetu Dar es Salaam maji ya bamvua hupanda kwa mita 3 au 4. Huko Fundy, mahali paitwapo Burntcoat Head, maji huweza kupanda kwa mita 16, yaani urefu wa mnazi. Mashua iliyokuwa ikielea asubuhi, mchana utaikuta imekaa juu ya matope, na bahari imekwenda zake mbali.

WATU WAKE

Wenyeji wa asili ni Wamikmaki. Mkuu wao Membertou alibatizwa pamoja na jamaa zake tarehe 24 Juni 1610, Sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Hata leo Wamikmaki wanamheshimu sana Mtakatifu Ana, na kila mwaka huenda kuhiji katika kisiwa kimoja ndani ya ziwa la Bras d'Or. Lakini yatupasa kusema na la aibu. Kuanzia mwaka 1930 mpaka 1967, huko Shubenacadie, palikuwa na shule ya bweni ya serikali iliyosimamiwa na Wakatoliki. Watoto wa Wamikmaki walitengwa na wazazi wao, wakakatazwa kusema lugha yao. Mwezi Julai 2022 Papa Fransisko alikwenda Kanada, akaomba msamaha kwa mambo yaliyotendwa katika shule za namna hiyo.

Wazungu wa kwanza kukaa huko walikuwa Wafaransa, nao walianza mwaka 1605. Wazao wao huitwa Waakadia. Hao walikuwa wakulima hodari. Walijenga maboma ya udongo kando ya Ghuba ya Fundy ili kuzuia bahari, na chini ya boma waliweka mfereji wa mbao wenye kilango. Maji yakipwa, kilango kilifunguka chenyewe na maji ya mvua yalitoka. Maji yakijaa, bahari yenyewe ilikisukuma kikafungwa. Baada ya miaka michache mvua ilikuwa imeosha chumvi yote, na tope la baharini likawa shamba zuri.

Mashamba hayo hawakuyala kwa amani. Waingereza, walioitawala nchi, waliwataka waape kiapo cha utii bila sharti lolote. Waakadia hawakutaka kulazimishwa kupigana na Wafaransa wenzao, wakakataa. Basi tarehe 5 Septemba 1755, katika kijiji cha Grand-Pré, wanaume na vijana waliitwa kanisani, wakasomewa amri kwamba ardhi yao na mifugo yao imetwaliwa, nao watahamishwa. Walipakiwa merikebuni, na nyumba zao zikachomwa moto. Jamaa nyingi zilitengana zisionane tena. Wengine walirudi baada ya miaka, wakakuta mashamba yao yana wenyewe wapya. Wakapewa pwani za mawe, na huko mkulima akajifunza kuwa mvuvi. Mwaka 2003 Malkia Elizabeth II, kwa tangazo rasmi, alikiri mateso yale.

Kisha wakaja Waskoti. Jina Nova Scotia ni la Kilatini, maana yake Skoti Mpya. Mwaka 1773 merikebu Hector iliwafikisha wengi Pictou, na baada yao wakaja Waskoti Wakatoliki waliojaza nchi ya Antigonish na Cape Breton. Walikuja na lugha yao ya Kigaeli, na mpaka leo wapo waisemao.

Wako na watu wa damu yetu. Katika vita vya Wamarekani kudai uhuru wao, watumwa wengi Waafrika walikimbilia upande wa Waingereza, kwa kuwa waliahidiwa uhuru. Mwaka 1783 watu kama 3,000 kati yao walifika Nova Scotia. Lakini wengi hawakupata ardhi waliyoahidiwa, au walipewa majabali matupu. Mwaka 1792 karibu watu 1,200 walipanda merikebu 15, wakarudi Afrika, wakaanzisha mji wa Freetown katika Sierra Leone. Waliobaki waliendelea kubaguliwa. Kando ya Halifax palikuwa na kijiji chao, Africville. Walilipa kodi, wasipewe maji ya bomba. Katika miaka ya 1960 mji ulikibomoa kijiji kile, hata kanisa lao. Mwaka 2010 mji wa Halifax uliomba radhi.

KAZI ZAO

Kazi ya kwanza ni bahari. Kwa miaka mingi walimvua chewa wa bahari ya baridi, wakampasua, wakamtia chumvi na kumwanika kuwa ng'onda wa kupelekwa ng'ambo. Kazi nyingine ni kilimo. Bonde la Annapolis ni mashuhuri kwa matufaha. Misitu hutoa mbao, tena hutoa miti ya Noeli. Tarehe 6 Desemba 1917 meli mbili ziligongana katika bandari ya Halifax. Moja ilikuwa na shehena ya baruti, ikalipuka, na watu karibu 2,000 walikufa. Watu wa Boston, katika Marekani, walipeleka msaada upesi. Tangu 1971 Nova Scotia huwapelekea Boston mti wa Noeli kila mwaka kwa kuwashukuru. Huo ni mfano mwema wa kukumbuka hisani.

Cape Breton ilikuwa nchi ya makaa ya mawe na chuma. Wanaume walichimba chini ya ardhi, hata chini ya bahari. Mwaka 2001 migodi ya serikali na kiwanda cha chuma vyote vilifungwa. Siku hizi watu wengi wanafanya kazi katika viwanda vya mipira ya magari, vyuo vikuu, hospitali, jeshi la maji na kazi ya kuunda meli.

MAPADRE WAWILI NA TAA YA JIKONI

Sasa tufike penye kiini cha habari. Miaka ya 1920 bahari ile ilikuwa na samaki tele, na mvuvi alikuwa maskini. Kwa nini? Mwenye duka alimkopesha nyavu, chumvi na unga mwanzo wa msimu. Mwisho wa msimu ni yeye mwenye duka aliyenunua samaki, na bei aliitaja yeye. Mvuvi hakuijua bei ya mjini, wala hesabu ya deni lake hakuiandika yeye. Kila mwaka alimaliza kazi akiwa anadaiwa. Nani kati yetu asiyeijua habari ya namna hiyo, hata kama zao lenyewe si samaki bali ni pamba, korosho au kahawa?

Padre James Tompkins alikuwa mkubwa katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mjini Antigonish. Mwaka 1921 alitoa kijitabu akisema kwamba elimu ya chuo yapasa kuwafikia watu wote. Baada ya mabishano juu ya mambo ya vyuo alipelekwa Canso, parokia ya wavuvi penye ukungu na mawe. Huko akauona umaskini kwa macho yake. Tarehe 1 Julai 1927, Kanada yote ilipokuwa ikishangilia kutimiza miaka 60, wavuvi wa Canso walifanya mkutano wa kusema kwamba wao hawana cha kushangilia. Serikali ikaunda tume kuchunguza.

Mwaka uliofuata chuo kile kilifungua idara ya kuwafundisha watu vijijini, na mkuu wake akawa binamu wa Tompkins, Padre Moses Coady, mtoto wa wakulima wa bonde la Margaree. Njia yao ilikuwa nyepesi. Kwanza, mkutano mkubwa katika ukumbi wa parokia. Pili, watu waligawanyika vikundi vidogo vya majirani, wakakutana jioni kila juma jikoni kwa mmoja wao, wakasoma vijitabu juu ya bei, hesabu, mikopo na masoko, na kuulizana maswali. Asiyejua kusoma alisomewa. Masista wa Mtakatifu Martha walishika kazi hiyo pia, hasa kati ya akina mama. Mwisho wa miaka ya 1930 vikundi hivyo vilipita 1,000.

Tatu, baada ya kusoma, walitenda. Katika Little Dover, kijiji juu ya majabali karibu na Canso, wavuvi walikata miti wenyewe na kujenga kiwanda cha kutia kamba-koche mikoponi. Mwaka 1930 wavuvi waliunda umoja wao wa kuuza samaki. Mwaka 1932 walianza vyama vya kuweka na kukopa. Huko Reserve Mines, wachimba makaa waliishi katika vibanda vya kupanga. Walisoma kwa muda mrefu habari za ujenzi na mikopo. Ndipo, mwaka 1938, jamaa 11 wakaingia katika nyumba walizojijengea kwa mikono yao. Mtaa ule wakauita Tompkinsville.

YALIYOFUATA

Yafaa tuseme kweli yote. Umoja ule wa wavuvi ulifilisika mwaka 1988. Hata chewa walikwisha. Meli kubwa ziliwavua bila kipimo, na mwaka 1992 na 1993 serikali ilipiga marufuku kuwavua katika sehemu kubwa za bahari ile. Kamba-koche wamebaki, nao ndio mali kubwa ya wavuvi leo. Kila eneo lina msimu wake. Mdogo asiyetimiza kipimo hurudishwa majini, na jike mwenye mayai hurudishwa vilevile. Mvuvi wa Ziwa Viktoria au Tanganyika atafakari neno hilo.

Lakini vyama vya kuweka na kukopa vipo mpaka leo, na mbegu ilivuka bahari. Padre Coady alifariki mwaka 1959, na mwaka ule ule ilianzishwa huko Antigonish taasisi yenye jina lake, kwa ajili ya wanafunzi wa nchi nyingine. Watu wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekwenda kusoma huko, nao wakarudi kuwafundisha wenzao.

Basi, msomaji mpenzi, shika jambo hili moja. Wavuvi wale hawakuanza na fedha. Walianza na kitabu, taa na maswali, fedha ilifuata. Siku hizi katika vijiji vyetu vikundi vya kukopeshana ni vingi, na vingi huanza na mkopo siku ya kwanza. Mwenzi anaweka alama ya kidole katika karatasi asiyoielewa, na mwaka haujaisha mbuzi wake wanaswagwa kwenda kulipa deni. Tunazo jumuiya ndogondogo, tunakutana kila juma, tena wako watoto wetu wanaojua kusoma na kuhesabu. Baada ya sala na Injili, tukitumia nusu saa kusoma katiba ya chama chetu mstari kwa mstari, na kuuliza riba ni shilingi ngapi na nani ashikaye daftari, hatutakuwa tumepoteza wakati. Wenzetu wa Nova Scotia walianzia hapo hapo, jikoni, na nje theluji inaanguka.