Mshenga Tu
Jua likishazama, tunatoka chumbani kwetu Ruwais, hapa Jeddah, tunashuka kusini hadi mji wa kale, Al-Balad. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, madirisha yamezibwa kwa mbao za nakshi. Aliye ndani anakuona, wewe humwoni. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa.

Mwezi uliopita, katika mkahawa wa huko, nilikutana na mgeni wa posa. Nilifuatana na dada wa Mombasa ninayekaa naye. Kijana mpole: alimsalimu dada kwanza, akasikiliza habari za zamu zangu za usiku bila kupiga miayo. Moyo ukaanza kulainika. Kwenye kikombe cha pili akasema, "Samahani dada, mimi ni mshenga tu. Mwenyewe yuko Dammam."

Tulicheka njia nzima. (Dada alicheka, mimi nilijitahidi.) Usiku ule nikamwonyesha filamu niliyoijua nikisomea shahada Ujerumani. Mwalimu wa lugha aliipenda kwa sababu haina sauti na maneno ya kusoma ni machache. Sinema zilifunguliwa tena nchini hapa 2018, lakini hii tuliitazama kwenye simu, chaja ikiwa ukutani.

Ni *Die Austernprinzessin*, yaani Binti Mfalme wa Chaza, ya Ernst Lubitsch, 1919. Ossi, binti wa tajiri wa Kimarekani anayeuza chaza, anavunja vitu nyumbani: anataka mume mwana wa mfalme. Nucki, mwana wa mfalme asiye na senti, anamtuma rafiki yake Josef akamtazame. Ossi anadhani Josef ndiye mwenyewe. Wanafungishwa ndoa papo hapo, Josef akitumia jina la Nucki. Baadaye mabinti wa matajiri wanaosaidia walevi wanaletewa Nucki, amelewa chakari. Ossi anampenda bila kumjua. Josef ndiye anayewafumbulia: mmekwisha kuoana!

"Kumbe wakili huyo," dada akasema. Lakini kwetu wakili hutaja wazi anamwolea nani. Ossi hakuuliza, akabahatika. Mimi wodini sitoi hata kidonge kabla ya kuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha nasoma mkanda wa mkononi, maana akina Muhammad ni wengi.

Mama amepiga simu kutoka Tanga mara tatu akitaka jibu. Nimemwambia ndege za Dammam zipo kila siku, aje mwenyewe. Kisha nikamuuliza kama yule mshenga ana mke.

Mama akakata simu.