Tulivuka ziwa kwenda Idjwi na mtoto wa sindano

Sisi walimu tukipata likizo hatukai nyumbani. Safari hii tulimsindikiza mwenzetu wa chama mpaka Idjwi, kumsalimia mama mkwe wake. Alikuwa na mtoto wake wa miaka 11, mwenye ugonjwa wa sukari. Si ule wa wazee. Wa kwake unakuja kwa sababu kongosho imeacha kutengeneza insulini, na hautoki kwenye kula bonbon. Kila siku anachomwa sindano mbele ya kula, na nyingine usiku.

Asubuhi mapema tulikuwa bandarini Bukavu. Boti ilijaa magunia ya unga, katoni za sabuni, kuku, na wamama wachuuzi wakikalia mizigo yao. Tulipoondoka tuliangalia nyumba za mji zikipanda vilima, na wavuvi wakirudi na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Sambaza wao tunaowapenda hawakuwa humu zamani: waliletwa kutoka Tanganyika mwaka wa 1959.

Katikati ya maji moteri ikazima. Kapten alisema dakika kumi. Ilipita saa nzima. Mtoto, aliyekuwa akihesabu mitumbwi kwa sauti, akanyamaza. Tukasema ni usingizi. Jirani akasema ni ziwa linamzungusha. Lakini upepo ulikuwa wa baridi na yeye alitoka jasho kwenye paji la uso, mikono ikitetemeka, na tulipomuuliza jambo alijibu lingine. Mama yake akamtoboa kidole, akaweka damu kwenye mashine: 52. Chini ya 70 ni hatari. Alikuwa amechomwa sindano asubuhi, lakini kwa haraka ya safari alikula nusu tu ya mkate wake.

Na sukari ya dharura ilikuwa wapi? Kwenye mfuko wa chakula, chini ya magunia, mahali tulipouweka sisi wenyewe. Aibu ilitushika. Mama mmoja aliyepeleka sukari kuuza kisiwani hakungoja tueleze. Alifungua mfuko wake, tukakoroga vijiko vitatu katika maji, mtoto akanywa. (Angekuwa amezimia, tusingemtia kitu mdomoni, kingeweza kumpalia.) Baada ya dakika 15 mashine ilisoma 78, tukampa ndizi. Yule mama alikataa makuta yetu.

Idjwi ni kisiwa cha mananasi, kahawa na maharagi, na njia zake zinapanda sana. Nyanya alitupokea kwa furaha, akatupakulia bugali na sambaza. Mtoto akapewa sahani ya mboga peke yake. Nyanya alisema kwa Kihavu: chakula ndicho kinachomuua mjukuu wangu.

Hatukumcheka. Mwaka uliopita mtoto huyu alikunywa maji bila kushiba, akakojoa kitandani, akakonda, na jamaa wote walisema ni karuho. Alipewa dawa za kutapisha. Siku alipofikishwa hospitali, akihema kwa nguvu, mashine haikuonyesha hata namba. Iliandika HI, maana sukari ilipita kipimo chake. Waliomtapisha walimpenda, na karibu wamzike.

Basi tulimwambia nyanya habari za Toronto, kule Kanada. Mbele ya insulini, waganga nao waliwanyima chakula watoto wa namna hii ili waishi miezi michache zaidi. Walikufa wakiwa mifupa. Mwezi wa kwanza wa 1922 kijana wa miaka 14 alichomwa insulini, wa kwanza duniani, akapata nguvu. Tangu siku hiyo mtoto anakula, mradi sindano ilingane na chakula. Mjukuu wako anakua, tulisema. Bila bugali atakulaje hiyo sindano yake?

Nyanya alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: usiku nani anamchoma? Mtoto mwenyewe akamwonyesha, akahesabu namba kwenye bomba, akajichoma tumboni bila kukunja uso. Nyanya alifunika macho, halafu akachukua kijiko na kumpakulia bugali, akituangalia sisi kama kwamba tuseme inatosha. Mama yake akasema, inatosha.

Kuhusu dawa, hakuna friji pale. Chupa iliyofunguliwa inavumilia wiki nne isipopata joto zaidi ya nyuzi 30, lakini zile za akiba zinahitaji baridi. Nyanya alitoa nyungu mbili za udongo, ndogo ikaingia ndani ya kubwa, mchanga katikati, tukamwagia maji asubuhi na jioni, kitambaa kilicholowa juu. Chupa zikakaa ndani ya nyungu ndogo, zimefungwa katika plastiki.

Siku ya kurudi mtoto alikuwa na vifuko viwili vya sukari mfukoni mwa shati, na nyanya alimpa nanasi kwa ajili ya yule mama mchuuzi. Hatukumwona kwenye boti. Nanasi tulilibeba mpaka bandarini, tukaenda kumuuliza kwa wachuuzi wengine.