"Hizi si dawa, ni za magoti tu"

Wakati wa UE, ukiomba chaja hosteli utazungushwa vyumba vitatu. Omba diklofenaki, utapata mlango wa kwanza. Kichwa kinauma, diklo. Mgongo umechoka kwa kukesha, diklo. Hengova ya Jumapili, diklo. Tunagawiana kama pipi. Mimi nasoma ualimu wa baiolojia, sitibu watu, ila hili naomba tuliongee, kwa sababu nyumbani kwetu nusura lituondolee mtu.

Sehemu ya mwili ikiumia, seli hutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Ndizo zinazofanya sehemu hiyo ivimbe, ipate joto na iume hata ikiguswa kidogo. Kimeng'enya kinachozitengeneza kinaitwa COX. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zote hukizuia. Aspirini iliingia sokoni mwaka 1899, lakini ni mwaka 1971 ndipo John Vane wa London alipoonyesha kwamba inafanya kazi kwa njia hiyo. Mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wanasayansi wawili wa Sweden.

Tatizo ni kwamba prostaglandini zina kazi nyingine. Tumboni hulinda utando usichomwe na tindikali. Kwenye figo husaidia mishipa ibaki wazi damu ipite, hasa mwili ukipungukiwa maji. Kidonge hakijui kuchagua: kinazuia za goti na za tumbo kwa pamoja.

Bibi yangu anaishi Muleba, upande wa Nshamba. Magoti yake yamechoka kwa miaka ya kuinama kwenye mibuni na migomba. Dukani akapewa vidonge, akavimeza asubuhi na jioni kwa miezi. Vilimsaidia kweli, akarudi shambani, na ndiyo maana hakuviacha. Kisha akaanza kupata choo cheusi kama lami. Tumbo halikumuuma hata siku moja, kwa hiyo hakusema. Siku alipoanguka uani tulikodi gari hadi Bukoba, akaongezewa damu chupa mbili. Daktari alimwuliza, "Bibi, unatumia dawa gani?" Akajibu, "Situmii dawa, mwanangu. Hizi si dawa, ni za magoti tu."

Kilikuwa kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Siku hizi anatumia parasetamoli na dawa ya kupaka magotini. Analalamika kwamba hazina nguvu kama zile, na ni kweli hazina. Lakini yupo.

Sisemi tuzitupe. Maumivu ya hedhi, kwa mfano: mfuko wa uzazi hutengeneza prostaglandini nyingi, nazo ndizo zinazoubana. Hapo ibuprofeni inapiga chanzo chenyewe, na inafanya kazi vizuri zaidi ukiianza mapema kabla maumivu hayajapamba moto. Inafaa pia kifundo kilichoteguka kwenye mechi, au jino wakati unasubiri kumwona daktari wa meno. Kwa mtu mzima ni miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, baada ya kula, isizidi 1,200 kwa siku bila maelekezo ya daktari. Tena kwa siku chache tu. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki. Ni ndugu wa tumbo moja, unaongeza madhara tu. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na aspirini, au mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20, aulize daktari kwanza.

Homa nayo, kwetu Kagera, ina habari yake. Kabla ya kuizima, pima malaria. Kidonge kinashusha joto, hakiui vimelea. Na si kila homa ni malaria. Machi 2023 virusi vya Marburg vilithibitishwa Bukoba Vijijini. Waliougua walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki. Ugonjwa huo huanza kwa homa, kichwa na mwili kuuma, kisha unaweza kuleta kutokwa damu. Dawa za kundi la aspirini hudhoofisha chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Kwa homa usiyoijua, parasetamoli ndiyo salama zaidi, isizidi gramu 4 kwa siku, huku ukielekea kituo cha afya.

Kwa hiyo dukani usiseme "nipe ya nguvu". Uliza, "Hii ni ya kundi gani?" Soma na jina dogo lililoandikwa kwenye pakiti: vidonge vingine vya mchanganyiko vina diklofenaki na parasetamoli humo humo, na unaweza kumeza dozi mbili bila kujua.

Likizo inakuja, na wengi wetu tutapigiwa simu: "Ukija, niletee zile za magoti." Kabla ya kununua, mwulize mzee amezitumia kwa muda gani, kama ana presha, na choo chake kina rangi gani. Atacheka. Wewe uliza tu.