Surabaya, Mji Uliochana Buluu

Watalii wengi waendao Indonesia huipita Surabaya. Ndege ikishatua Juanda, wao hutafuta gari la kuwapeleka mlima Bromo au huunganisha safari kwenda Bali, na mji wa pili kwa ukubwa nchini humo wanauona kupitia dirishani. Shauri yao. Surabaya ni mji wa bandari, wa jua kali na pikipiki zisizokwisha, wenye watu wanaosema waziwazi lile ambalo Mjava wa Yogyakarta angelizunguka kwa adabu. Anayetaka kuijua bendera ya Indonesia, nyekundu juu na nyeupe chini, aanzie hapa.

Aanzie barabara ya Tunjungan, kwenye hoteli ya Majapahit, jengo jeupe lenye mabaraza marefu ya matao na bustani katikati. Aliyelijenga ni Lucas Martin Sarkies, Mwarmenia wa ukoo uleule ulioanzisha hoteli ya Raffles kule Singapore. Enzi za ukoloni iliitwa Oranje, jina la ukoo wa kifalme wa Uholanzi. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942 wakaiita Yamato. Kila bwana mpya alikuja na kibao chake.

Septemba 1945 Japani ilikuwa imeshasalimu amri, na viongozi Sukarno na Hatta walikuwa wametangaza uhuru wa Indonesia mjini Jakarta tarehe 17 Agosti. Waholanzi waliotoka vizuizini walidhani wanarudi kwenye mali yao. Kundi moja, likiongozwa na mtu aliyeitwa Ploegman, likapandisha juu ya hoteli bendera ya Uholanzi: nyekundu, nyeupe na buluu. Kulipokucha tarehe 19 vijana wa mji wakaiona, na Tunjungan ikafurika watu. Mazungumzo na Ploegman ndani ya hoteli yakavunjika, zikazuka vurugu, naye akauawa. Nje, vijana wakaweka ngazi, wakapanda mpaka kwenye mlingoti, wakaishusha bendera, wakauchana ule mstari wa chini wa buluu, kisha wakaipandisha tena.

Hawakuleta kitambaa kingine. Nyekundu na nyeupe zilikuwamo tayari ndani ya bendera ya mkoloni. Kilichotakiwa ni kuiondolea kilichozidi. Sijui bendera nyingine ambayo historia yake inaweza kuonyeshwa kwa mikono miwili ndani ya dakika moja.

Gharama ilikuja baadaye. Majeshi ya Waingereza yaliteremka bandarini Oktoba, na wengi wa askari wao walikuwa Wahindi. Kamanda wao, Brigedia Mallaby, akauawa tarehe 30 karibu na Jembatan Merah, daraja la mji mkongwe ambalo mpaka leo lina kingo nyekundu. Tarehe 10 Novemba mji ukashambuliwa kwa mizinga ya nchi kavu, ya meli na kwa ndege, na mapigano yakachukua kama wiki tatu. Maelfu walikufa. Indonesia huiadhimisha tarehe hiyo kuwa Siku ya Mashujaa, na mnara wa Tugu Pahlawan, uliozinduliwa mwaka 1952, una urefu wa mita 41.15. Usishangae desimali hizo: ni yadi 45, kwa ajili ya mwaka 1945.

Jakarta nao wana dai lao, na ni la haki. Bendera iliyopanda siku ya kutangaza uhuru ilishonwa na Fatmawati, mke wa Sukarno, kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Waholanzi walipoivamia Yogyakarta Desemba 1948, Sukarno alimkabidhi bendera hiyo msaidizi wake, Husein Mutahar. Yeye akaufumua mshono, akazificha pande mbili mbalimbali; askari akimpekua angekuta kitambaa chekundu hapa, cheupe pale, na hakuna bendera. Baadaye aliziunga tena akifuata matundu yaleyale ya sindano. Tangu 1969 nakala ndiyo hupandishwa Ikulu. Ile ya asili imechakaa mno.

Ukiwauliza watu maana ya rangi, watakujibu haraka: nyekundu ni ujasiri, nyeupe ni usafi wa nia. Jibu la shule, na si baya. Lakini rangi hizi ni kongwe kuliko shule. Majeshi ya Java ya mashariki yalibeba bendera nyekundu na nyeupe tangu karne ya 13, kabla dola ya Majapahit haijakomaa. Magofu ya matofali ya mji wake mkuu yako Trowulan, mwendo wa gari asubuhi moja kutoka Surabaya, na meli za jeshi la wanamaji bado hupeperusha bendera ya mistari ya rangi hizo mbili. Basi hoteli ya Tunjungan kupewa jina la Majapahit ni kama mji kukumbushia kwamba Mholanzi ndiye aliyekuja na rangi ya ziada.

Nenda Agosti. Vichochoro vya kampung, yaani mitaa ya wakazi, hufunikwa nyekundu na nyeupe, wauza bendera hupanga mianzi pembezoni mwa barabara, na vijana hugombea kuparamia nguzo zilizopakwa grisi kufuata zawadi kileleni. Ukichoka, kula rawon, mchuzi wa nyama uliokolea weusi kwa mbegu za keluak. Rujak cingur, yenye pua ya ng'ombe, ni kwa wenye moyo zaidi. Au subiri Septemba, wakazi wanapoigiza tukio lile mbele ya hoteli yenyewe. Kuna anayekubali kuwa Ploegman, akazomewa na mtaa mzima, na kuna wanaopanda ngazi kuchana buluu upya. Wahi mapema, maana upande wenye kivuli hujaa kwanza.