Mashine ya korosho na hili neno hataza

UE zinanukia, boom limekata, lakini room yetu wiki hii imegeuka bunge, na hoja si mtihani.

Mshikaji wangu wa room yuko injinia mwaka wa tatu. Ametengeneza kimashine cha mkono cha kubangua korosho. Kwao Newala mama yake anabangua kwa mikono, na mafuta ya lile ganda yanababua ngozi mpaka huwezi kushika chumvi. Mashine za kubangua zipo siku nyingi, ila hii yake ina kishikio kinachojirekebisha kufuata ukubwa wa korosho. Sasa amealikwa kuionesha Sabasaba. Hapo hapo jamaa mwenye karakana alikochomelea vyuma anataka wasaini karatasi kwamba mashine ni yao nusu kwa nusu.

Mimi mwalimu mtarajiwa, sheria siisomi, ila nilijifungia maktaba na Sheria ya Hataza, Sura ya 217. Ni ya mwaka 1987. Kwa kifupi, kitu kikipewa hataza lazima kiwe kipya duniani (siyo kipya Mlimani tu!), kiwe na hatua ya uvumbuzi ambayo fundi wa kawaida asingeiona moja kwa moja, na kiweze kutumika viwandani au shambani. Ugunduzi mtupu, nadharia ya sayansi na kanuni za hisabati havimo. Walimu wenzangu poleni: mbinu yako ya kufundishia sehemu hupati hataza. Ukiiandikia kitabu, kitabu kinalindwa na hakimiliki, basi.

Utata uko kwenye lile neno “kipya”. Ukikionesha hadharani kabla ya kupeleka ombi, unaweza kuwa umekiua mwenyewe. Kenya, kwa sheria yao ya 2001, mvumbuzi ana miezi 12 ya kujitetea. Ulaya karibu hamna huruma hiyo. Kwa hiyo nimemwambia ombi kwanza, Sabasaba baadaye. Akishapeleka BRELA, tarehe ile inamlinda, na ana miezi 12 ya kuomba nchi nyingine akidai tarehe hiyo hiyo. Halafu jamani, hataza ya BRELA ni ya Bara tu. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao. Hii ilinishangaza kweli.

Ikitoka inadumu miaka 10, inaweza kuongezwa mara mbili, mitano mitano, na kila mwaka kuna ada. Usipolipa inakufa.

Kuhusu yule wa karakana, kuchomelea kwa kufuata mchoro wa mtu hakukufanyi mvumbuzi. Lakini kama wazo la springi lilitoka kwake, ana haki, na mshikaji mwenyewe anasitasita nikimuuliza hilo. Ndiyo maana nasema asisaini chochote bila wakili. Vilevile asome sera ya chuo, maana vyuo vingi vina neno kuhusu kitu kilichotengenezwa kwa vifaa vyao.

Wakili gani sasa? Mtanzania anaweza kupeleka ombi mwenyewe, ila sehemu inayoitwa madai ndiyo roho ya hataza. Ukiandika “mashine ya kubangua korosho” unakataliwa, zipo tele. Ukiandika springi ya milimita kadhaa, mwizi anabadilisha milimita, kwisha habari. Wakili wa talaka, hata awe hodari vipi, hapa atababaisha. Muulize ameshaandika madai ya mashine mangapi, na bei aiandike. Siri ya mteja inambana kisheria, kwa hiyo kumwonesha yeye siyo kuonesha hadharani. Kwa wasio na hela, tumepanga kuanza na watu wa COSTECH na msaada wa kisheria wa kitivo cha sheria. Hao wa mwisho wamezoea kesi za ardhi na ndoa, lakini kuuliza si kosa.

Sabasaba wanataka jibu Ijumaa. Sisi BRELA tunakwenda Jumatano, na michoro kwenye bahasha. Mwenye kumjua wakili wa mambo haya anitafute haraka, maana jana mama kapiga simu kutoka Newala anauliza kama mashine itafika kabla ya msimu, awaite na majirani waje kuiona. Mshikaji kanyamaza tu na simu sikioni.