Maji ya Chupa Ndefu

Nilikwenda shuleni kugombana. Nalisema mapema, maana sisi waandishi wa habari tukisimulia mambo yetu wenyewe huwa tunajipendelea. Mwanangu alikuwa na miaka mitano, yuko darasa la awali kwenye shule ya serikali huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam, na mwezi wa nne ulikuwa unaisha huku daftari lake halina hata kurasa tatu zilizoandikwa. Watoto wa wenzangu kazini, wa umri huohuo, walikuwa wanaandika majina yao na kutaja siku za wiki kwa Kiingereza. Baba zao walinionesha video kwenye simu. Mimi jioni nikiuliza, "Leo mmejifunza nini?" najibiwa, "Tumecheza vizibo."

Vizibo!

Lakini si vizibo vilivyonipeleka. Mwaka uliotangulia mtoto alikuwa kwenye chekechea moja ya kulipia, tena ada yake si ya mchezo, na huko niliambiwa kwamba "ni mzito". Ana miaka minne, hashiki penseli vizuri, basi ni mzito. Mama yake alilikataa neno lile palepale. Mimi nililipokea, nikaenda nalo nyumbani. Kila alipochelewa kujibu swali nililisikia tena. Kwa hiyo nilipoliona daftari tupu sikumfikiria mwalimu kwanza. Niliogopa kwamba wale wa mwanzo walisema kweli.

Mwalimu alinisikiliza akiwa mlangoni, mtoto mmoja amemshika sketi. Akasema, "Mzazi, karibu ukae. Kaa mpaka saa nne, halafu tutaongea." Nikapewa kiti cha watoto. Magoti yalinifika kifuani.

Nilihesabu watoto 61. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, watoto wakaja, vyumba vikabaki vilevile. Chumba chenyewe kiligawanywa kwa kona. Kona ya duka ilikuwa na pakiti tupu za chumvi na majani ya chai, na mizani iliyotengenezwa kwa henga ya waya na mifuniko miwili ya ndoo. Kona ya hesabu: vizibo vya soda, mbegu za ukwaju, magunzi. Nje, chini ya mwembe, mchanga na mabeseni ya maji.

Nikaangalia kundi la vizibo. Vilikuwa saba. Mtoto mmoja anafunika baadhi kwa kifuu cha nazi, wenzake wanaangalia vilivyobaki nje, wanasema vingapi vimejificha. Vikibaki vitatu nje, kelele: "Vinne!" Mwingine anabisha, "Vitano!" Kifuu kinafunuliwa, aliyekosea anavihesabu mwenyewe kwa kidole, halafu anacheka. Hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ni kutoa.

Si pepo, lakini. Kundi la nyuma lilikaa kwenye mkeka zaidi ya nusu saa likisubiri zamu, na wawili wakalala kabisa. Mwingine alifinyanga herufi "a" kwa udongo, akaionja. Vizibo havitoshi. Mwalimu aliniambia huvifuata mwenyewe kwenye baa Jumapili jioni, na wahudumu hudhani anatafuta vya promosheni, kwa hiyo wengine humficha.

Wangu alikuwa kwenye maji. Alijaza bakuli pana, akayamimina yote kwenye chupa nyembamba, ndefu. Maji yakapanda mpaka karibu na shingo. "Yamekuwa mengi!" akamwambia mwenzake, naye akakubali. Wakayarudisha kwenye bakuli. "Yamepungua." Wakarudia, na wakarudia tena. Mara ya nne hakusema kitu. Alichuchumaa, akainamisha kichwa, akaitazama ile chupa kwa ubavu, kisha bakuli, kisha chupa.

Nikaingilia. "Hapana mama, ni maji yaleyale. Hayajaongezeka."

Aliniangalia. Akasema, "Ndiyo baba," akaiweka chupa chini, akaenda kwenye mchanga.

Mwalimu alikuwa nyuma yangu. "Mzazi, ulikuwa na haraka ya nini?" Hakusema kwa ukali. "Alikuwa anakaribia. Sasa anajua baba amesema nini. Maji bado hajayajua."

Nilitaka kujitetea, na cha kujitetea nacho sikuwa nacho. Chuoni nilisoma habari za Jean Piaget, yule Mswisi aliyewapa watoto kazi hii hii ya maji na glasi. Wengi kabla ya kufika miaka saba hivi huamini kwamba maji yamezidi kwa kuwa yamepanda. Niliandika hayo kwenye mtihani, nikapata alama. Hata pwani yetu mambo haya si mageni: programu ya madrasa za awali iliyoanzia Mombasa miaka ya 1980, ikafika Zanzibar na Uganda, ilitumia vitu vya aina hiyohiyo vinavyopatikana jirani. Nilikuwa navijua vyote kwa maneno.

Nilichokumbuka pale kitini ni lumbesa. Niliwahi kutumwa kuandika habari ya wakulima wa viazi. Gunia linajazwa, halafu juu yake linashonewa kipande kingine kama kilemba, linajazwa tena, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, lakini pale shambani mizani hakuna, na gunia eti ni gunia. Wote tuliosimama pale tuliona kwamba lile si moja. Mwanangu alikuwa amechuchumaa akikataa kuamini chombo, na mimi nikamwondoa.

Saa nne ilipofika sikulitaja daftari. Nilimweleza lile neno, "mzito". Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka kwa sauti.

"Nani alimpima?" akauliza. Kisha akanieleza kama anavyomweleza fundi: mtoto akifinyanga, akiokota kizibo kwa vidole viwili, anaandaa mkono utakaoshika penseli. Penseli ikija kabla ya wakati anaishika kwa ngumi, anachoka, anaichukia. "Nyumbani akuchambulie mchele. Anika naye nguo, hivi vibanio vimbane vidole. Na usimkimbize."

Basi siku hizi Jumamosi naanika nguo na binti yangu. Kazi ya dakika kumi inachukua saa nzima, shati linaning'inia kwa mkono mmoja, na jirani yangu ameshauliza kama nimeachwa. Penseli bado anaishika vibaya. Kuna usiku bado nalisikia lile neno.

Wiki iliyopita nilipita baa ya mtaani kuomba vizibo. Mhudumu akauliza, "Kaka, kuna promosheni gani?" Nikamwambia ipo, akanijazia mfuko. Nyumbani binti yangu akavimwaga sakafuni, akaanza kuvipanga mistari, akavuruga, akapanga upya kwa rangi. Akaniuliza vipo vingapi. Nilikuwa nimeshavihesabu njiani, vilikuwa 43.

Nikamwambia, "Sijui, mama. Hebu tuone."